UZI: Kaunti moja ya mashamba ya pamba imewezaje kutoa watu wote hawa? (Coahoma, Mississippi)

#1 Gramafoni la Babu

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linaninyima usingizi tangu wiki iliyopita. Nilikuwa napanga santuri za marehemu babu, nikawa nasoma maandishi ya nyuma ya majalada. Sam Cooke: kazaliwa Clarksdale, Mississippi, Januari 1931. Nikaweka pembeni. Nikashika nyingine, Ike Turner: Clarksdale, Mississippi, Novemba 1931. Mji mmoja, mwaka mmoja, wamepishana miezi kumi. Nikasema sawa, imetokea tu. Nikaanza kuchimba, na kila nikichimba jembe linagonga kitu.

Clarksdale ndiyo makao makuu ya kaunti ya Coahoma, kaskazini magharibi mwa Mississippi, ubavuni mwa mto wenyewe. Son House katoka Lyon, kijiji cha jirani, 1902. Jackie Brenston aliyeimba "Rocket 88", Clarksdale. Eddie Boyd wa piano, shamba la Stovall, 1914. Muddy Waters, shamba hilohilo. Rick Ross huyu wa ndevu, Clarksdale, 1976. Kingfish Ingram, dogo aliyebeba Grammy ya bluzi 2022, Clarksdale, 1999. Na hapo sijagusa wasio wanamuziki.

Sensa ya 2020 inaipa kaunti nzima watu kama 21,000. Pale kuna nini? Atakayeniambia "bahati" namfungia.

#2 Kigoda cha Mbele

Navuta kigoda. Waje wenye madini.

#3 Mkia wa Ng'ombe, Kajiado

Watu elfu ishirini na moja ndio kaunti? Huku kwetu hiyo hata wodi haijazi. Gavana wao anakula nini jameni?

#4 Mzee wa Bluzi

Mleta uzi umetuangusha. Umemsahau Tina Turner, umemsahau B.B. King, umemsahau Robert Johnson, mpiga gitaa anayesimuliwa kuwa alimuuzia shetani roho njia panda. Wote Clarksdale hao. Rekebisha.

#5 Karani wa Sensa

#4 umerusha mawe matatu na hujaangusha hata embe moja. Tina ni wa Nutbush, Tennessee, kaunti ya Haywood. Jina la Turner kalipewa na Ike. B.B. King ni 1925, kaunti ya Leflore, karibu na Itta Bena. Robert Johnson ni Hazlehurst, kaunti ya Copiah, kusini kabisa huko, akafia karibu na Greenwood mwaka 1938.

Na mleta uzi asichekelee. Muddy Waters hakuzaliwa Stovall. Kazaliwa kaunti ya Issaquena. Yeye mwenyewe alikuwa akisema Rolling Fork, 1915, ila nyaraka za ujana wake zinaelekea 1913. Bibi yake ndiye aliyehamia naye Stovall, akiwa mtoto mdogo, na kumlea hapo. Kwa hiyo futa mmoja.

#6 Gramafoni la Babu

Sifuti. Kaishi Stovall hadi anakaribia miaka thelathini. Gitaa kajifunzia hapo, trekta kaendesha hapo, sauti yake ya kwanza imerekodiwa hapo. Huyo ni wa wapi kama si wa Coahoma?

#7 Mama Chaurembo

Hapa ndipo watu huwa wanagombana bure. Mimi wanangu wote watatu wamezaliwa Muhimbili. Je, ni watu wa Upanga? Na Rick Ross naye, aliondoka akiwa mdogo, kakulia Carol City huko Miami, kila wimbo ni Miami. Ukihesabu kwa kitanda cha kuzaliwa unampata Ross unamkosa Muddy. Ukihesabu kwa malezi unampata Muddy unamkosa Ross, na hata Sam Cooke unamkosa, maana wazazi wake walihamia Chicago 1933, mtoto ana miaka miwili. Chagueni mzani mmoja kwanza ndipo muulize maswali.

#8 Mkia wa Ng'ombe, Kajiado

Huku tungeuliza baba yake kazikwa wapi, maneno kwisha.

#9 Gia ya Tano

Mimi naendesha roli, nipo Memphis mwaka wa saba sasa. Clarksdale napita mara kwa mara, ni kama kilomita 120 kushuka kusini kwa barabara namba 61. Niwaambie ninachokiona, ya vitabu nawaachia wenyewe.

Ukishatoka kwenye vilima, ardhi inalala bapa kama meza ya kupigia pasi. Usiku taa za mji unaziona muda mrefu kabla hujafika. Mwezi wa kumi malori ya pamba yakipita, nyuzi zinapeperuka zinaganda kwenye nyasi kando ya lami, utadhani mtu kanyonyoa kuku kilomita hamsini. Mjini kati maduka mengi yamefungwa, mbao kwenye madirisha. Pale njia panda ya 61 na 49 za zamani kuna mlingoti wenye magitaa ya buluu juu, wageni wanajipiga picha huku harufu ya nyama choma inawapiga puani kutoka mgahawa wa jirani.

Makumbusho yao yapo kwenye stesheni ya zamani ya mizigo ya reli. Ndani wameweka kibanda alichoishi Muddy Waters, kimehamishwa kutoka Stovall. Nilitegemea nyumba. Ni mbao tu zilizopauka, chumba ambacho nikinyoosha mikono naona kabisa vitanda viwili havitoshi na meza. Nilisimama pale nikasahau kwamba nimeegesha vibaya.

#10 Mchuma Pamba Mstaafu

Ahsante Gia ya Tano, umenirudisha Bariadi.

Jibu la mleta uzi ni pamba. Mimi nimechuma tangu darasa la tatu. Kitumba kikikauka, ncha zake ni kama sindano. Asubuhi umande umelowesha vidole, ngozi laini, unachomwa. Mchana jua limekausha, unachanika. Mgongo haunyooki kwa sababu mche unafika kiunoni. Ukiwa hivyo siku nzima lazima uimbe. Mtu akianzisha mstari wa kwanza mwingine anadakia, si kwa furaha, ni ili mikono isisimame.

Sasa zidisha hali hiyo. Pale Coahoma karibu robo tatu ya watu walikuwa weusi, na wengi wao walilima ardhi isiyo yao. Unalima, mnagawana nusu kwa nusu na mwenye shamba, lakini mbegu, unga na viatu umekopa kwenye duka lake, na daftari analiandika yeye. Mwisho wa msimu nusu yako imemezwa na deni. Maelfu ya watu wamebanwa hivyo kwenye eneo dogo, ndipo Jumamosi usiku wanakutana kilabuni. Muziki usitoke hapo utoke wapi?

#11 Karani wa Sensa

Mzee shikamoo, lakini pamba ilikuwa imetanda kaunti zote za bonde lile. Kwa nini Coahoma na si jirani?

#12 Mchuma Pamba Mstaafu

Marahaba. Nani kakuambia majirani hawakutoa? Umewataja mwenyewe kwenye #5, B.B. King huyo.

#13 Mtoto wa Pangani

Nyie wasomi mnazunguka mbuyu. Gia ya Tano kashasema NJIA PANDA. Mtu anaenda usiku wa manane na gitaa, anakutana na jamaa mrefu mweusi, anarudishiwa gitaa limeshafungwa nyuzi upya. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua njia panda haiokotwi kitu. Hamkuona yai, hamkuona kitambaa chekundu, mtasema ni kipaji.

#14 Karani wa Sensa

Hadithi hiyo kabla ya kubandikwa kwa Robert Johnson ilisimuliwa kuhusu mwanabluzi mwingine, Tommy Johnson, tena na ndugu yake wa damu. Na Robert si wa Coahoma, nimeshasema. Shetani gani huyo anayefungua ofisi kaunti moja na wateja wake wanatoka nyingine?

#15 Mtoto wa Pangani

Ana matawi, mkuu. Kama wakala.

#16 Mwanakwaya Sauti ya Tatu

Mmeruka kanisa. Tazameni baba zao. Sam Cooke, baba mchungaji wa kanisa la Utakatifu, watoto walikuwa wanaimba kwaya ya familia kabla hawajajua kusoma vizuri. Ike Turner, baba mhubiri wa Kibaptisti. Son House alikuwa akihubiri tangu kijana mdogo, na bluzi aliichukia kama dhambi hadi alipovuka miaka ishirini, ikamnasa. Sikilizeni anavyoimba: anahubiri, gitaa ndilo linalojibu "amina".

Nimeimba kwaya miaka kumi na tisa, najua sauti iliyofundishwa kwenye benchi la kanisa. Mtu anajua lini apande, lini aache watu wamalizie. Shambani hufundishwi hivyo.

#17 Karani wa Sensa

Sam aliondoka na miaka miwili. Kwaya ya familia waliianzia Chicago. Kama ni kanisa, basi ni la Chicago.

#18 Mwanakwaya Sauti ya Tatu

Na lile kanisa la Chicago waumini wake walitoka wapi? Walishuka kwenye treni na nyimbo zao mdomoni.

#19 Kigoda cha Mbele

Hapo Karani kakaa. Endeleeni.

#20 Msoma Maktaba

Nimechelewa, samahani. Mna swali zuri ila mmeliuliza kinyume.

Mwaka 1941 na 1942 Chuo Kikuu cha Fisk, chuo cha watu weusi kule Nashville, na Maktaba ya Bunge la Marekani walishirikiana kufanya utafiti wa muziki. Wakachagua kaunti moja tu. Ipi? Coahoma. Alan Lomax alitoka maktaba, na upande wa Fisk kulikuwa na John Work, Lewis Jones na Samuel Adams. Mwezi wa nane 1941 wakafika Stovall, wakamkuta dereva wa trekta anayeitwa McKinley Morganfield, wakamrekodi. Huyo ndiye Muddy. Mwaka uliofuata walirudi. Aliposikia sauti yake ikitoka kwenye santuri ndipo alipoamini kwamba anaweza.

Sasa jiulizeni: wangechagua kaunti ya pili, leo uzi huu ungekuwa na jina gani? Tochi imemulikwa chumba kimoja, nasi tunashangaa kwa nini chumba hicho kina vitu vingi.

Na kuna kitu kingine cha kumtia kidonda #10. Lewis Jones alipita kwenye vilabu vya Clarksdale akaandika santuri zilizokuwa ndani ya masanduku ya muziki, yale ya kutumbukiza sarafu. Humo kulikuwa na Count Basie, Fats Waller, Louis Jordan. Vijana wa mji walitaka bendi kubwa za redioni. Gitaa la kibandani ni sisi wa baadaye tuliolipenda zaidi. Maandishi ya wale watatu wa Fisk yalipotea makabatini, yakachapishwa 2005. Miaka yote hiyo sifa alikuwa anakula Lomax peke yake.

#21 Gramafoni la Babu

Hii nimeipenda, lakini haitoshi. Sam Cooke hakugunduliwa na Lomax. Ike hakugunduliwa na Lomax. Rick Ross ndiyo kabisa. Tochi yako inamweleza Muddy tu, na kidogo Son House, ambaye pia walimrekodi miaka hiyohiyo, lakini kwenye kaunti nyingine!

#22 Fundi Redio Mwembe Tayari

Redio. Mtu katamka "redioni" akapita kama hakuona.

Ng'ambo ya mto, Helena, Arkansas, kituo cha KFFA kilianza kipindi cha bluzi Novemba 1941, kikidhaminiwa na unga wa ngano. Saa sita mchana watu wanapumzika kula, gitaa la umeme linawafikia mashambani. Kisha 1944 Clarksdale wakapata kituo chao, WROX, na 1947 kikamweka hewani Early Wright, mtangazaji wa kwanza mweusi Mississippi.

Sasa Ike. Alipokuwa mvulana alikuwa akiendesha lifti kwenye hoteli ya Alcazar, na redio ilikuwa ndani ya jengo hilohilo. Akawa anapanda juu kuchungulia, mtangazaji akamfundisha kubadilisha santuri, kisha akawa anamwachia kabisa anaenda kunywa kahawa. Mtoto huyo piano kaipenda kwa kumwona Pinetop Perkins. Mimi nilianza ufundi hivyohivyo, kwa kushikilia tochi fundi akichomelea risasi. Ukikaa karibu na mashine unaambukizwa.

#23 Mzee wa Bluzi

Na kabla hamjaniumbua tena: Pinetop ni wa Belzoni, kaunti ya Humphreys. Nimejifunza adabu.

#24 Karani wa Sensa

😂 Umeiva.

#25 Fundi Redio Mwembe Tayari

Nimalizie la "Rocket 88". Machi 1951, vijana wanatoka Clarksdale kwenda Memphis kwa Sam Phillips, mwenye studio ya kurekodi, wamejazana garini na vyombo. Amplifaya ya gitaa ikaumia njiani, spika ikachanika. Muda wa kutengeneza hakuna. Phillips akasokomeza karatasi ndani kushikilia koni. Gitaa likatoka linakoroma kama nyuki ndani ya debe. Leo watu wananunua vifaa kwa bei ya pikipiki ili kupata mkoromo ule.

#26 Mama Chaurembo

Nilisikia ilidondoka kutoka juu ya gari.

#27 Msoma Maktaba

Wengine husema ililoweshwa na mvua tairi lilipopasuka. Waliokuwemo garini wenyewe hawakuwahi kukubaliana. Ambacho Ike hakukisamehe ni kwamba kwenye lebo liliandikwa jina la Brenston na "Delta Cats", wakati bendi ilikuwa ya Ike. Ikapanda namba moja kwenye chati ya muziki wa weusi kwa jina la mpiga saksafoni wake.

#28 Muuguzi wa Zamu

Nami niulize. Si ndiko mwimbaji wa bluzi Bessie Smith alikokufa kwa sababu hospitali ya wazungu ilimkataa? Nilisimuliwa chuoni kama mfano.

#29 Karani wa Sensa

Kufa ni kweli, kukataliwa si kweli. Gari lao lilipata ajali usiku kwenye barabara ya 61, Septemba 1937, mkono karibu ukatike. Alipelekwa moja kwa moja hospitali ya watu weusi ya Clarksdale, akafa asubuhi. Habari ya kukataliwa iliandikwa gazetini mwaka huohuo kutokana na uvumi, ikaota mizizi. Daktari aliyemkuta barabarani alikuja kusema kwamba hakuna dereva wa gari la wagonjwa wa wakati ule ambaye angethubutu hata kumpeleka kwa wazungu.

#30 Muuguzi wa Zamu

Yaani hakukataliwa kwa kuwa hapakuwa na wa kumpeleka akakataliwe. Sijui kama hiyo ni nafuu.

Nimewahi kupokea majeruhi saa tisa usiku aliyefungwa mkono kwa khanga, damu imeshaisha. Kinachoua ni muda.

#31 Gia ya Tano

Jengo la hospitali ile lipo. Liligeuzwa hoteli 1944, Riverside. Inasimuliwa kwamba Ike na wenzake walifanyia mazoezi humo.

#32 Mwalimu wa Zamu ya Pili

Uzi umetekwa na wanamuziki. Aaron Henry je? Kazaliwa Dublin, kaunti hiyohiyo, 1922, mtoto wa shambani, akawa mfamasia, akafungua duka la dawa Clarksdale. Akaongoza tawi la Mississippi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, zaidi ya miaka thelathini. Walimlipua duka, walimfunga, naye hakuhama. Mwaka 1964 ndiye aliyeongoza ujumbe wa Freedom Democratic Party kule Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, kudai viti vya Mississippi walivyokalia wazungu watupu. Akaishia kuwa mbunge wa jimbo.

Halafu Lerone Bennett, mhariri wa jarida la Ebony na mwanahistoria, kazaliwa Clarksdale 1928. Charlie Conerly wa mpira wa Kimarekani, aliyewapa New York Giants ubingwa 1956, Clarksdale 1921. Na mwandishi Tennessee Williams kakulia pale kwa babu yake, ziwa Moon Lake la kaunti hiyo linajirudia kwenye tamthilia zake.

Pamba haimwelezi Conerly. Redio haimwelezi Williams.

#33 Mwanakwaya Sauti ya Tatu

Babu yake Williams alikuwa nani vile? Kasisi! Kanisa la St. George's, Clarksdale. Nakaa kimya.

#34 Karani wa Sensa

Kwa mzani huo hata mimi ni zao la kanisa, nimefundishwa kuogelea na padri.

#35 Mama Chaurembo

Mimi nawaza tofauti na nyote. Tazameni walikofia. Son House, Detroit. Eddie Boyd, Helsinki! Ufini, kwenye theluji, 1994. Sam, Los Angeles, 1964, kwa risasi. Muddy aliomba nyongeza ya senti chache kwa saa, mnyapara akamfokea, mwaka 1943 huyo akapanda treni ya Chicago. Mwaka 1944 shamba la Hopson, nje kidogo ya Clarksdale, likaonyesha mashine za kuvuna pamba mbele ya watu: mashine moja inachuma kilo 450 hivi kwa saa, mtu hodari anachuma kilo tisa. Nani angebaki? Miaka ya 1940 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 48,000, leo hawafiki nusu.

Kwa hiyo labda kaunti haikuwatoa kwa maana ya kuwalea. Iliwatoa kwa maana ya kuwafukuza. Muddy angebaki Stovall tungemjua kama sauti moja kwenye kabati la maktaba.

#36 Mwalimu wa Zamu ya Pili

Na Aaron Henry aliyekataa kuondoka?

#37 Mama Chaurembo

Huyo ananiharibia hesabu, ni kweli.

#38 Mchuma Pamba Mstaafu

Kilo tisa kwa saa! Nawaambia kwa mdomo huu, siku nzuri nilifika saba. Siku hiyo sikuimba, nilikuwa nahema.

#39 Mtoto wa Pangani

Kwa hiyo nadharia ya kuimba imekufa?

#40 Mchuma Pamba Mstaafu

Wewe subiri nimalize chai.

#41 Gramafoni la Babu

Nimehesabu: pamba, kanisa, tochi ya watafiti, redio, treni na tawi la shetani. Kila nikikubali moja, Karani anamtoa mtu mmoja asiyeingia humo. Kingfish je? Kazaliwa 1999, pamba inavunwa na mashine, redio ni simu. Kajifunzia gitaa kwenye darasa la makumbusho yaleyale ya Gia ya Tano.

#42 Karani wa Sensa

Makumbusho ni nadharia ya saba. Na John Lee Hooker, mwanabluzi mwingine, hamjamgusa. Wapo wanaosema kazaliwa nje kidogo ya Clarksdale, wapo wanaosema Tutwiler, kaunti ya Tallahatchie. Mwaka nao ni 1912 au 1917. Nani anaanza?

#43 Mkia wa Ng'ombe, Kajiado

Baba yake kazikwa wapi?

#44 Gia ya Tano

Alhamisi nashusha mzigo Clarksdale. Semeni mnataka picha ya nini, moja tu, maana simu yangu imejaa picha za matairi.

#45 Mchuma Pamba Mstaafu

Usipige picha ya gitaa. Simama kando ya barabara uokote kitumba kimoja kilichokauka, upige ncha zake kwa karibu. Nataka kulinganisha na za Bariadi.